Mliowahi kuona bendi kongwe za roki laivu, ilikuaje? Nishaurini kabla sijanunua tiketi

kanda_ya_kaka (mleta mada)

Wakuu habari zenu, naomba uzoefu wenu.

Roki mimi nimeirithi kwa kaka yangu mkubwa. Alikua na kanda zake za Deep Purple, Black Sabbath, Rolling Stones, Led Zeppelin, anazipiga mpaka utepe unakatika, anaunga kwa selotepu anaendelea, kwahiyo hawa wazee nimewasikiliza tangu sijui hata wanaimba nini. Sasa Deep Purple wanapita sehemu ambayo naweza kufika na hela ya tiketi ninayo. Shida ni kwamba kila ninayemgusia ananivunja moyo. Wananiambia muimbaji wao Ian Gillan kazaliwa 1945, ile sauti ya 1970 usiitegemee. Jon Lord wa kinanda alishafariki tangu 2012, Ritchie Blackmore wa gitaa aliondoka 1993 na hajarudi, sasa unaenda kumuona nani pale.

Swali langu ni kwa waliosimama pale wenyewe kwa miguu yao, klipu za simu na mimi ninazo. Mliona nini? Kitu gani kimebaki kichwani mpaka leo? Na sio lazima iwe Purple, hata AC/DC, Maiden, The Who, bendi yoyote iliyokula chumvi nyingi. Nataka kujua kama bado kuna muziki pale au watu wanaenda kuaga tu.

---

ridhim_tupu

Mkuu nenda, halafu soma hii.

Niliwaona AC/DC Wembley 2024. Wengi wakienda kwa AC/DC macho yote kwa Angus, kaptura ya shule, gitaa lake la SG, anaruka mguu mmoja huku na huku, na haki yake. Ila mimi napiga gitaa la ridhim, lile la kushika mdundo, kwahiyo nilikua namuangalia Stevie. Kwa wasiojua, injini ya ile bendi alikua Malcolm Young, kaka yake Angus, yule wa kusimama nyuma karibu na ampu, kibwagizo kikifika anasogea kwenye maiki anaitikia, kikiisha anarudi kinyumenyume mahali pake. Aliacha 2014 ugonjwa wa kusahau ulipomzidi na akafariki Novemba 2017. Nafasi akapewa Stevie, mtoto wa kaka yao mwingine. Basi pale Wembley namuona Stevie anasogea, anaitikia, anarudi nyuma, vilevile. Na mkono wake wa kulia hauna fujo kabisa, unatembea kidogo tu, huu wa kushoto ndio unafanya kazi ya kuzinyamazisha nyuzi kati ya kodi na kodi (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja), na kile kinafasi cha ukimya pale katikati ndio kinachowarusha watu. Kwenye albamu nilikisikia miaka yote ila sikujua kinatoka wapi mpaka nikauona ule mkono kwenye skrini kubwa.

Sasa kuhusu muimbaji wao Brian Johnson, sitakudanganya, sauti imechakaa. Alikua na miaka 76. Ukumbuke 2016 madaktari walimwambia aache shoo kubwa la sivyo atakua kiziwi kabisa, ziara ikamaliziwa na Axl Rose wa Guns N' Roses. Kwahiyo kumuona tu amesimama pale na kofia yake, kengele kubwa inashuka kutoka juu, anaanza kuimba, watu waliokua pembeni yangu walikua wanafuta machozi kabla hata ya ubeti wa pili. Nota za juu anazikamata kwa kuzikaba, nyingine anaziacha na uwanja unamalizia. Mwisho ile mizinga yao ikalia na sikio langu likawa linavuma mpaka nalala.

Sikuondoka pale nikiwa nimeaga mtu. Niliondoka nataka kushika gitaa.

---

nota_sita

Nitaongea tofauti kidogo maana mleta mada asije akapewa upande mmoja tu.

Kuna bendi moja kongwe sitaitaja jina, niliipenda tangu shule, nikasafiri mbali kuiona. Waliobaki kwenye waanzilishi ni mpiga besi peke yake. Hilo halikua tatizo kwangu. Tatizo ni kwamba sauti za kibwagizo zilikua zimerekodiwa zinapigwa toka nyuma, unamuona muimbaji ametoa mdomo kwenye maiki na sauti ya pili na ya tatu bado zinaendelea na hakuna mtu mwingine jukwaani aliyefungua mdomo. Mpiga drams ana hedifoni anafuata mdundo wa mashine, wimbo hauwezi kurefuka wala kufupishwa. Watu wakashangilia kibwagizo kile mpaka basi, wakawa wanataka kiendelee, bendi haikuweza kwasababu mashine imeshasonga mbele. Nilitoka pale moyo umepoa kabisa.

Kwahiyo ushauri wangu usihesabu wangapi waanzilishi wamebaki. Angalia kama bado wanapiga wenyewe, na kama nyimbo zinabadilika toka usiku mmoja hadi mwingine. Bendi ambayo wimbo wa leo una dakika saba na wa kesho una tisa, hiyo bado iko hai hata kama wote wana mvi.

---

peku_kwenye_pedo

@nota_sita umenena mkuu, hapo kwenye wimbo kurefuka nakuunga mkono asilimia mia.

Mimi ni mtu wa drams na nina ya Iron Maiden, London, Julai 2023. Nilikata tiketi ya pembeni makusudi ili nimuone Nicko McBrain, maana ukikaa mbele ile seti yake ni msitu wa vyuma na matoazi, humuoni mtu. Nicko ni yule anayepiga peku, pedo ya besi drams moja tu, na ile moja inakimbia kama ziko mbili. Siku ile nikaona vitu tofauti. Zile mpito zake za haraka, zile za kuzunguka ngoma zote kabla ya kibwagizo, nyingi hakuzipiga kama kwenye rekodi, alikua anaweka kitu kifupi, kizito, anarudi kwenye mdundo. Nikasema labda ameamua kupiga kwa utulivu, na kwa kweli bendi ilikaa vizuri sana, besi ya Steve Harris ilisikika kila nota.

Agosti yake ndio akatangaza mwenyewe kwamba Januari ile alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, akafanya mazoezi akapona kiasi cha kurudi kazini ziara ilipoanza mwezi wa tano. Aisee nilikaa kimya. Yani tulikua tunamtazama mtu ambaye miezi sita nyuma mkono wake haukua unasikia, anapiga shoo nzima na hakuna aliyejua. Alistaafu ziara Desemba 2024 kule São Paulo.

Sasa wewe unayeambiwa wazee hawapigi kama zamani, ni kweli hawapigi kama zamani. Lakini mtu aliyekaa na wimbo miaka 40 anajua ni kitu gani akikitoa wimbo unabaki umesimama na kitu gani akikitoa unaanguka. Hiyo elimu kijana hana, hata awe na mkono mwepesi vipi.

Charlie Watts, mpiga drams wa Stones, alikua hivohivo. Ukimtazama kwa karibu, kila akipiga snea (ile ngoma ndogo ya mlio mkali) anauondoa mkono wa kulia kwenye hai-hati (yale matoazi mawili ya kubana kwa mguu), hapigi vyote kwa pamoja. Kwahiyo mdundo unapata kama pumzi pale, na ndio maana bendi nyingi zinakopi Stones na haziwi Stones. Alifariki Agosti 2021 na mwezi uliofuata wakaanza ziara na Steve Jordan, na shoo ilikua inafunguliwa na jukwaa tupu, taa zimezimwa, picha za Charlie kwenye skrini na mdundo wa drams peke yake.

---

mbali_kabisa

Mimi Stones niliwaona Copacabana, tarehe 18 Februari 2006, ile shoo ya bure ufukweni Rio. Zaidi ya watu milioni moja. Bendi ilitoka hotelini kwenda jukwaani kwa daraja lililojengwa juu ya barabara maana kupita chini isingewezekana, nyomi ile sijawahi kuona tena.

Kuwaona sikuwaona, niwe mkweli, nilikua mbali mno. Ila nilijifunza kitu kuhusu saundi. Walipanga minara ya spika ufukweni kote. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo ukiwa mita mia tatu toka jukwaani, sauti ya spika za mbele inakufikia karibu sekunde nzima baadae. Ndio maana ile minara ya nyuma inacheleweshwa kwa mtambo ili ilingane na ile inayotoka mbele, la sivyo ungesikia kila nota mara mbili. Na mashangilio nayo yanasafiri. Wimbo ukianza unasikia kelele za walioko mbele, halafu zinakuja, zinakuja, zinakupita, zinaenda kwa walioko nyuma yako, unaisikia kabisa inavyotembea kwenye vichwa vya watu. Sijui kama kwenye ukumbi mdogo unaweza kupata kitu kama kile.

---

mama_wa_besi

Nimesoma nyote na naona hamjagusa jambo la sauti kushushwa kii, yani wimbo kupigwa chini kuliko ulivyorekodiwa.

Niliwaona Genesis, ziara yao ya mwisho, ile iliyofungwa London Machi 2022. Phil Collins, muimbaji wao aliyekua pia mpiga drams wao, alikua na miaka 71 na mgongo ulishamharibikia muda mrefu, mishipa ya fahamu imeumia, vijiti vya drams hawezi tena kuvishika. Alitoka taratibu na fimbo akakaa kwenye kiti katikati ya jukwaa na akaimba shoo nzima amekaa. Drams alikua anapiga mtoto wake Nic, miaka 20, na sio kwamba alipewa kwa sababu ya jina, alishampigia baba yake kwenye ziara zake binafsi tangu 2017.

Nyimbo zimeshushwa kii. Mwanzoni sikio linakataa maana umezoea ile ya redioni, unaimba na wewe unajikuta uko juu ya bendi. Wimbo wa tatu hivi sikio likakubali, na nikaanza kusikia kitu kingine, ile sauti ya chini inayakalia maneno vizuri zaidi. Nyimbo za mtu anayechoka, anayelalamika, anayemkumbuka mtu, aliziandika akiwa kijana, sasa anaziimba akiwa na umri unaozifaa. Na waimbaji wawili wa kuitikia walikua wamesimama jukwaani, wanaonekana, @nota_sita, hakuna kitu kimefichwa.

Kilichonikaa zaidi ni shingo. Kila drams nzito zikikaribia, Phil anageuza shingo upande wa nyuma kumuangalia mtoto wake. Sio mara moja. Zile ni sehemu alizozitunga yeye kwa mikono yake, anajua inakuja nini, na anageuka kabla haijaja. Mtoto anapiga, baba anatikisa kichwa, anarudi kwa watu. Nilikua nimeenda na mume wangu ambaye Genesis hawajui kabisa, na yeye ndio aliyenishika mkono akaniambia angalia.

Kwahiyo jibu la swali lako mdogo wangu, muziki upo. Unakua umebadilika tu, na inabidi uupe nyimbo mbili tatu za mwanzo sikio lizoee.

---

ridhim_tupu

@mama_wa_besi dada hiyo ya shingo imenigusa sana. Kushusha kii wengi wanaona ni aibu, wakati wapiga gitaa wa roki wamekua wakilegeza nyuzi tangu zamani na hakuna aliyelalamika. Tony Iommi wa Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akawa anatumia nyuzi nyembamba na baadae akazilegeza ili zisimuumize. Ule uzito wa Sabbath tunaousifia kwa sehemu umetoka pale.

---

aston_shahidi

Ukimtaja Iommi umeniita.

Nilikuwepo Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025. Uwanja uko Aston, mtaa waliokulia wale jamaa wanne wa Sabbath, na walikua hawajapiga wote wanne pamoja tangu 2005, kwa sababu ziara ya kuaga iliyoisha 2017 mpiga drams wao Bill Ward hakuwemo. Shoo ilianza mchana, Mastodon, Anthrax, Alice in Chains, Gojira, Pantera, Tool, Slayer, Guns N' Roses, Metallica, wote wamekuja kuwapigia wazee wao, na kila mmoja anaweka wimbo wa Sabbath au wa muimbaji wao Ozzy Osbourne katikati ya zake. Jukwaa lilikua la kuzunguka, bendi moja inapiga mbele nyingine inafungwa vyombo nyuma, kwahiyo hakuna kusubiri sana.

Usiku Ozzy akatokea toka chini ya jukwaa amekaa kwenye kiti kikubwa cheusi cha kifalme. Alishatangaza tangu 2020 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, kutembea hawezi. Nilikua naogopa, nasema kweli, niliogopa atashindwa mbele ya watu wote wale na itakua ndio kumbukumbu ya mwisho. Akaimba nyimbo zake kwanza, sauti inakwenda na kurudi, mahali pengine imepotea kabisa na mashabiki ndio tumeubeba wimbo. Macho makubwa vilevile, anapiga makofi, anatuhimiza tupige kelele, kiuno kinamuinua kidogo kitini unaona kabisa anataka kusimama. Halafu wakaingia Iommi, Geezer Butler wa besi na Ward, wakapiga nyimbo nne. Ward akavua shati akapiga kifua wazi na miaka yake 77. Mdundo wake unayumba kidogo, unavutavuta, na huo ndio mdundo wa Sabbath halisi, wapiga drams wote waliomfuata walikua wamenyooka sana.

Siku 17 baadae, tarehe 22 Julai, Ozzy akafariki.

Sasa mleta mada umeuliza kama watu wanaenda kuaga. Pale tulienda kuaga, ilitangazwa hivyo. Lakini nikikumbuka siku ile nakumbuka gitaa la Iommi lilivyosimama, nota moja, kifua kinatetemeka, na jamaa mmoja nyuma yangu mtu mzima kabisa anamwambia binti yake "huyu ndio aliyeanzisha". Binti alikua amevaa fulana ya bendi ya kisasa kabisa. Akawa hapepesi macho.

---

hamondi

Naona kila mtu ameongelea bendi yake na mwenye swali ni wa Deep Purple, ngoja nimjibu yeye. Niliwaona Ujerumani 2024.

Waliopo: Ian Gillan anaimba, Roger Glover besi, Ian Paice drams, Don Airey kinanda tangu 2002, na gitaa Simon McBride aliyechukua nafasi ya Steve Morse. Morse alitoka 2022 kwenda kumuuguza mkewe. Paice ndio pekee aliyekuwepo kwenye kila kikosi tangu bendi imeanza 1968.

Gillan: usisubiri yale makelele ya juu. Ule wimbo wao mrefu wa 1970 wenye mayowe, Child in Time, waliuacha tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kwa sababu hiyohiyo, na naona walifanya la heshima, bora kuuacha kuliko kuuharibu. Kwenye solo ndefu Gillan anatoka jukwaani kabisa anaenda kupumzika, anarudi sehemu yake ikifika. Kuna watu wanaona ni udhaifu. Mimi naona ndio sababu bado anaimba.

Airey: hapa ndipo utakapolipwa hela yako. Kinanda chake ni Hammond ya kweli na spika ya Leslie, ile ambayo ndani yake kuna pembe inazunguka, na ukiwa karibu unausikia ule mzunguko, polepole halafu anauwasha wa haraka sauti inaanza kutetemeka. Jon Lord ndio aliyeichomeka Hammond kwenye ampu za gitaa ikaanza kunguruma vile, na Airey amelinda mngurumo ule. Kwenye solo yake huwa anaingiza vipande vya nyimbo za nchi aliyopo, ukumbi mzima siku ile ukawa unaimba wimbo wa kwao wenyewe katikati ya shoo ya Purple.

Paice ni mtu wa mkono wa kushoto, kwahiyo seti yake imegeuzwa. Ukitaka kuona mikono yake chagua upande wako kwa akili hiyo. Alipata kiharusi kidogo 2016 na akarudi. Ule mdundo wake wa kubembea bado upo, hauna haraka.

Halafu kuna hili ambalo marafiki zako hawajakuambia. Ule wimbo ambao kila anayejifunza gitaa duniani anaanza nao, Smoke on the Water, unasimulia moto wa kasino ya Montreux, Desemba 1971, kwenye shoo ya Frank Zappa. Purple walikua pale kurekodi albamu, wakautazama moshi unavyosambaa juu ya ziwa. Sasa Gillan, Glover na Paice wote walikuwepo siku ile. Watatu kati ya watano utakaowaona jukwaani ni mashahidi wenyewe wa kinachoimbwa. Bendi yoyote ya kukopi inaweza kuupiga, na vizuri tu, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuona ule moshi.

---

sikio_moja

Naongeza la kiufundi kwa ufupi maana nimefanya kazi ya saundi.

Usikimbilie mbele kabisa. Pale unasikia ampu na drams toka jukwaani, sauti ya muimbaji inakupita juu ya kichwa maana spika kubwa zinalenga nyuma yako. Tafuta ilipo meza ya fundi mitambo, simama karibu nayo, mbele yake au nyuma yake kidogo. Anachosikia yeye ndio anachokurekebishia wewe.

Na vaa viziba masikio, vile vya wanamuziki vyenye chujio, sio sponji za kiwandani zinazokata sauti zote nyembamba ukabaki na besi tu. The Who waliingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kwa shoo ya 1976, desibeli 126 ukiwa mita 32 toka kwenye spika, na baadae wenye kitabu wakaacha kabisa kuweka rekodi ya namna hiyo wasije wakahamasisha watu kujiumiza. Hawa wazee wenyewe wengi masikio yamewaumia, umesoma ya Brian Johnson hapo juu. Viziba havipunguzi mzuka. Vinapunguza maumivu, na nota unazisikia zimetengana vizuri.

---

kanda_ya_kaka (mleta mada)

Wakuu sina la kusema, asanteni sana. @hamondi hiyo ya mashahidi nimemsomea kaka kwenye simu, akakaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza tiketi ziko ngapi. Nimekata mbili, karibu na meza ya fundi kama alivyosema @sikio_moja.

Swali la mwisho, kaka magoti yanamsumbua, kusimama masaa mawili itakua shughuli. Nibadilishe nichukue za kukaa au tutakosa raha?

---

mama_wa_besi

Chukua za kukaa mdogo wangu, tena leo kabla hazijaisha, za pembeni ya ukumbi lakini zisiwe nyuma ya jukwaa. Ukiwa juu kidogo unaona mikono ya wote watano inavyofanya kazi, na Airey akianza atasimama mwenyewe bila kuambiwa.

---

hamondi

Na upande uwe ule anaokaa Airey, kwenye picha za ziara utaona kinanda kiko wapi. Fikeni mapema, bendi ya kufungua msiikose, na kaka abebe kile kiziba masikio chake mwenyewe, msigawane.